Pua ya Nyumba

Mkwe wangu hana pua. Ile ya kuwekea miwani anayo, tena kubwa ya haja, lakini haifanyi kazi. Homa kali iliyompata mwaka juzi iliondoka na harufu zote, ikamwachia mdomo usiojua tofauti ya chai na maji ya moto. Mtu akiniambia hilo ni jambo dogo, namwambia aje akae hapa siku moja na mwanamume asiyenusa anayefanya kazi na petroli.

Kazi yake ni kutunza viwanja vya ukumbi wa mikutano na harusi. Kuna miti mirefu pande zote, inayopukutisha majani mwaka mzima bila aibu. Nyumba tunayokaa iko nyuma ya ukumbi, vyumba viwili na jiko, na ni nyumba ya kazi: siku kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Zamani alikuwa na fagio. Halafu meneja wa ukumbi akaleta bloa, ile mashine ya petroli inayopuliza majani, na ukiibadilisha bomba inayafyonza, inayasaga na kuyatapika kwenye mfuko unaoning'inia begani. Majirani walipoisikia ikinguruma wakampa mkwe wangu jina la Upepo, na jina likamganda.

Mimi ile mashine siipendi na sitajifanya. Nimefagia viwanja vya watu ujana wangu wote kwa mikono hii, na hakuna fagio lililowahi kunikosesha usingizi.

Lakini siwezi kumwonea mkwe. Ni mwangalifu kuliko wanaume wote niliowahi kuwaona, na nimewaona wengi. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine amekisoma mpaka kurasa zinaachia. Jioni alikuwa akimsomea mke wake, yaani binti yangu, nami nikiwa chumbani kwangu nyuma ya pazia nilisikia kila neno.

"Injini ikiwa ya moto usijaze mafuta, subiri ipoe. Jaza nje, penye hewa. Ukishajaza, futa palipomwagika, sogea mbali na hapo, ndiyo uvute kamba."

"Sawa, mwalimu."

"Nguo zisilegee. Mtandio, hapana. Usitie mkono kwenye mdomo wa kufyonzea mpaka feni isimame kabisa na waya wa plagi uwe umeuchomoa. Usifyonze kitu kinachofuka moshi, hata kichungi cha sigara."

"Hivi wewe umeoa mke au umeoa mashine?"

Wanacheka. Na mimi nyuma ya pazia nacheka, nimejiziba mdomo. Ila kuna kanuni moja aliyokuwa akiisoma haraka haraka kama mtu anayevuka barabara: ukisikia harufu ya petroli, usiwashe, tafuta inakotoka.

Meneja hakujua habari ya pua. Alipoleta mashine alisema anayeishika lazima awe mzima kabisa, na kama hakuna mzima atamtafuta mwingine. Mkwe akajibu, "Mimi mzima, bosi." Angesema nini, na ana mke, begi moja na mama mkwe mmoja wa kuhamisha?

Basi binti yangu akawa pua yake. Kila asubuhi, kabla ya kamba kuvutwa, alitoka naye mpaka kwenye kibanda cha vifaa. Anainama juu ya tangi, ananusa mpira wa mafuta, anafuta kwa kitambaa, ananusa kitambaa. Kisha anamnusa mwenyewe, mabegani, kifuani, mikononi, kama mama anayemnusa mtoto aliyetoka kucheza. Akisema "Safi," mashine inawaka. Akisema "Bado," wanangoja. Na mume akirudi kunywa chai ni hivyo hivyo mlangoni, kwa sababu ndani kuna jiko la mkaa, na kwa kawaida lina chungu au birika juu yake tangu alfajiri. Wenyewe waliita ukaguzi. Mapenzi yao yote yalikuwa mle. Niliona wivu kidogo, nisiseme uongo. Marehemu baba yake hakuwahi kuninusa hata siku moja.

Mimi nilikuwa mbali na hayo yote, na hapa lazima nieleze. Sisi tumelelewa kwamba mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa nafasi. Hatugusani. Hatuli pamoja. Akiingia jikoni, mimi natoka au najifungia chumbani. Hata kuongea tunaongea kwa kupitia kwa binti yangu, na yeye yupo pale pale.

"Mwambie mumeo kofia yake imeanguka."

"Mwambie mama nimeiona, ahsante."

"Mnaonana jamani!" binti yangu alikuwa akisema. "Mimi nimekuwa simu?"

Lakini alisema kwa kucheka tu. Ndivyo tulivyo, na mpaka msimu ule haikuwahi kutudhuru.

Msimu ule ulikuja na ukungu na majani mabichi. Ukumbi ulikuwa na harusi mfululizo, mkwe akawa anatoka kungali na giza kidogo. Binti yangu akaanza kupenga kamasi pembeni, akigeuza uso. Nilidhani ni vumbi. Halafu siku moja akanimiminia chai ya maziwa, nikaipeleka mdomoni, nikairudisha. Maziwa yalikuwa yameharibika, yananuka tangu mlangoni. Yeye alikuwa ameshakunywa kikombe chake chote na anajilamba.

"Maziwa haya umeyaonja?"

"Yana nini?"

Nikamwangalia. Huyu ni mtoto aliyekuwa akikataa maziwa yaliyolala, akisema yananuka ng'ombe mwenyewe. Jioni yake wali ukaungua, nikausikia nikiwa chumbani, na yeye alikuwa amekaa mbele ya sufuria anachambua mboga, ametulia kabisa. Machale yakanicheza.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta jikoni anachochea mkaa, mumewe akiwa ameshatoka. Nikachukua kitunguu kilichokatwa, nikakificha nyuma yangu, nikamsogelea.

"Fumba macho. Hapa nina nini?"

"Mama, nina kazi."

"Fumba macho, nimesema."

Akafumba. Nikakileta kitunguu mpaka chini ya pua yake. Akavuta pumzi, ikakwama kwa kamasi. Akakisia.

"Sabuni?"

Nikakaa kwenye kigoda bila kupenda.

"Tangu lini?"

"Ni mafua tu, mama. Yatapita."

"Na asubuhi ya leo umemkagua?"

Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Umemwambia nini mwenzio?"

"Nimemwambia safi. Sasa ningemwambia nini? Akijua, atakataa kuiwasha, na meneja yuko huko tangu alfajiri anahesabu viti. Atamuuliza kwa nini. Unamjua mume wangu, ukiacha siku ile, hawezi kudanganya hata kuku. Mpira nimeuangalia kwa macho, haukuwa na kitu. Jumapili nitakuwa nimepona."

"Wewe mtoto una wazimu! Nenda kamwite. Sasa hivi!"

"Akija kunywa chai nitamwambia."

"Hapana. Sasa!"

Ilikuwa imeshanyamaza, ile mashine. Ukimya wake ulinishtua kuliko ngurumo. Binti yangu akachungulia dirishani.

"Si huyo anakuja mwenyewe. Ingia ndani basi, usije ukamtia aibu. Nitamwambia."

Nikaingia chumbani nikavuta pazia. Miaka yote ya adabu iliniongoza miguu, kichwa kikabaki nyuma. Nilisikia hatua zake uani, zile buti nzito. Nikamsikia akigonga nguzo kutikisa majani, kama kawaida yake. Alikuwa amefuata kila kanuni: mashine ameiacha mbali ipoe, waya wa plagi ameuchomoa, feni ameingoja isimame. Na alikuwa amelowa tangu nyongani mpaka kwenye goti, akidhani ni umande, kwa sababu majani yote yalikuwa yamelowa na kila kitu kilikuwa baridi. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Mpira wa mafuta ulikuwa na ufa kwa chini. Mashine ikikaa sawa, mkavu. Akiinamisha bomba ili afyonze, unachuruzika. Vile ile injini ya moto haikumlipua kule kule chini ya miti, Mungu mwenyewe anajua.

"Ukaguzi," akasema mlangoni, kwa ile sauti yake ya utani.

Binti yangu akasema, "Kuna kitu nataka kukwambia."

"Niambie nikiwa nimekaa, nimechoka."

Na harufu ikaja. Ilipita chini ya pazia, ikanijaa kooni na machoni. Haikuwa ile harufu ya mikononi ya mtu aliyeshika mashine. Ilikuwa ya kituo cha mafuta.

"Mwambie mumeo asiingie!" nikapiga kelele.

"Mama, tunaongea..."

"Asiingie! Mwambie!"

"Mama anasema nini?" mkwe akauliza, na nikasikia buti moja ikikanyaga sakafu ya jikoni.

Sikumbuki kulifungua pazia. Nafikiri nilitoka nalo, kwa sababu tulilikuta limechanika. Nilimshika mkwe wangu kwa ukosi wa ovaroli, mtu mzima, mume wa binti yangu, nikamsukuma nje kinyumenyume mpaka akagonga nguzo. Jiko la mkaa lilikuwa hatua chache nyuma yangu, jekundu, sufuria ya maziwa mapya juu yake. Nilivuta zipu. Nikavuta mikono ya ovaroli. Akanishangaa kama mtu aliyeshikwa na mwizi mchana, halafu, nafikiri kwa sababu ya uso wangu, akaelewa, akaanza kusaidia. Buti zikaruka. Ovaroli ikabaki chini imejikunja, yeye akabaki na kaptula ya ndani mbele ya mama mkwe wake, mikono haijui ijifiche wapi.

"Mama," akasema. Neno hilo tu.

"Petroli!" nikamwambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, bila simu katikati. "Umelowa petroli mpaka mguuni! Nenda ukaoge! Sabuni yote! Nenda!"

Akaenda mbio kwenye bafu la nje, amejikinga kwa ndoo.

Mimi nilibaki uani, na nikishtuka huwa nasema. Nilimsema binti yangu maneno ambayo mtoto hapaswi kuambiwa na mama yake. Nilimwambia angekuwa mjane kabla maziwa hayajachemka. Alikuwa analia, anapenga, analia. "Nisamehe mama, nisamehe." Akainama akaiokota ile ovaroli, akaikumbatia kifuani kama mtu anayebeba mtoto, akaipeleka mpaka kwenye uzio wa mbali, akaitundika pale penye upepo. Nilimwona akifanya hivyo. Nikaona hata vizuri, nikasema kimoyomoyo afadhali ameitoa hapa. Hasira zilikuwa zimenijaa na furaha pia, ile furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na katika hali ile macho yanaona lakini hayaelezi.

Mkwe akatoka kuoga, amevaa suruali kavu, nywele zinadondoka maji. Hakwenda kwa mke wake. Alikuja akasimama mbele yangu, ameinamisha kichwa, hanitazami.

"Mama, samahani sana. Naomba uninuse."

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuombwa hivyo na mkwe wake. Nikapiga moyo konde. Nikamsogelea, nikamnusa bega, nikamnusa kifua, nikamshika mkono nikaunusa. Sabuni. Sabuni tupu, mkono wote mpaka kwenye kucha.

"Safi," nikasema.

Na papo hapo nikajua si safi. Harufu ilikuwepo bado. Upepo ulikuwa unaileta kutoka upande mwingine, kutoka kwenye uzio, na ilikuwa inatembea, inapita nyuma ya mgongo wangu kuelekea jikoni.

Ndani maziwa yalifurika, yakamwagikia mkaa, *fyuuu*.

"Maziwa!" binti yangu akasema, na hakunusa, alisikia tu kwa masikio kama sisi wote. Akakimbia. Nilipogeuka alikuwa ameshafika mlangoni, kifua cha gauni lake kimelowa, mikono yote imelowa mpaka kwenye viwiko, anainyoosha kwenye sufuria.

Nilimwita. Sauti ilitoka, najua ilitoka, kwa sababu majirani waliisikia. Lakini moto haungoji mtu ageuke. Ulimrukia mikononi kwanza, wa bluu, karibu hauonekani, halafu ukawa wa njano na gauni likawaka.

Mkwe alinipita. Uani palikuwa na beseni ambamo nililoweka shuka langu asubuhi ile. Alilinyakua likiwa linachuruzika, akaruka nalo ndani, akamfunika mke wake, akamwangusha chini, akamlalia. Nilisikia ule mlio wa maji na moto. Nilimsikia akimwambia, "Nimekushika, nimekushika, nimekushika," na yeye akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nimzae.

Alipona. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua moyo wa anayesikiliza. Mkono wa kushoto umekunjamana tangu kiganja mpaka juu ya kiwiko, na chini ya shingo ana baka ambalo hulificha kwa kitambaa. Vidole viwili havikunjiki. Hospitalini alilala siku nyingi, na mkwe alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Madaktari walipomuuliza, binti yangu alisema ni ajali ya jiko. Meneja naye akaambiwa ni ajali ya jiko, akatutumia pole na matunda.

Mnaweza kutulaumu. Nyumba ilikuwa ile ile, na kazi ilikuwa ile ile. Fundi alibadilisha mpira wa mafuta, mashine ikawaka tena, na pua ya nyumba nikawa mimi. Binti yangu pua yake ilirudi, lakini akiikaribia ile mashine anatapika, na hakuna aliyemlazimisha. Basi kila asubuhi mkwe wangu alikuja mlangoni pangu, akasimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Naomba uninuse." Nanusa tangi, nanusa mpira huku ameuinamisha kila upande, nanusa kitambaa, namnusa yeye. Kisha naosha mikono, naye anaosha, kabla hata mlango wa jikoni haujafunguliwa. Heshima yetu haikufa, kama nilivyoogopa. Ilihama tu, ikawa ndani ya lile jambo lenyewe.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Nikila, namega tonge nalinusa kwanza. Nikiamka, kabla ya kusema chochote, nanusa mto. Nilikuwa nanusa sabuni, nanusa viatu, nanusa ukuta. Binti yangu aliniona siku moja nikinusa chumvi akaondoka zake.

Wiki hii ukungu umerudi, na majirani wote wanapenga. Asubuhi ya leo niliamka, nikanusa mto. Nikaugeuza, nikaunusa upande wa pili. Nikaenda jikoni nikakata kitunguu, nikakishika chini ya pua mpaka machozi yakanitoka. Macho yalijua ni kitunguu. Pua haikujua kitu.

Nilikuwa bado nimekishika alipofika mlangoni na mashine mkononi. Nje ya geti honi ya meneja ilikuwa inalia; leo kuna harusi, majani yamefunika ngazi zote.

"Shikamoo mama. Naomba uninuse."

Binti yangu alikuwa nyuma yake, ameushika ule mkono wake kwa mkono mwingine. Ananitazama. Alikuwa amekiona kitunguu.

Neno lilikuwa mdomoni, dogo, jepesi. Nilikuwa nimelisema asubuhi ngapi? Lingetoka lenyewe, na tungebaki na nyumba mpaka Jumapili, na pengine ningepona.

"Sinusi, baba," nikamwambia. "Leo sinusi kabisa. Usiwashe."

Honi ikalia tena. Mkwe wangu aliitazama mashine, kisha akamtazama mke wake, kwa muda mrefu. Akaiweka chini nje ya uzio, mbali na nyumba. Akachomoa waya wa plagi, akavua miwani ya kazi na vizibo vya masikio, akaviweka juu yake kwa mpangilio kama mtu anayekabidhi.

"Mwambieni bosi nakuja kumfungulia," akasema, lakini hakungoja mtu aende, akaenda mwenyewe. Nilimwona akifungua geti. Nilimwona akisimama kwenye dirisha la gari, akigusa pua yake kwa kidole, na meneja akiacha kupiga honi.

Binti yangu akaingia ndani. Kwa mkono wake mzima akaanza kulishusha pazia langu, alikunje ndani ya lile begi moja.